Lita Moja ya Uongo

Inaudhi kuona pombe iliyozidi maji ikivishwa nishani kwa kuwa eti ni "nyepesi, inaburudisha". Aliyeipika alipata lita 17 za togwa (maji matamu ya kimea kabla ya kuchachuka), akaona haya, akafungulia bomba mpaka ndoo ikasoma 20. Hopsi zikapoteza makali, kimea kikafifia, na waonjaji wakapiga makofi.

Mjuzi haanzi na glasi, huanza na hesabu. Kwa lita 20 za kuchachusha na kilo 5 za kimea, mpishi anayeijua sufuria yake hujibu bila kusita: maji lita 32. Machicha hunywa 5 hivi, moja hubaki chini ya kasha la kulowekea kimea, 4 huondoka na mvuke katika saa moja ya kuchemsha, na 2 huachwa pamoja na mashapo ya hopsi. Anayejibu "inategemea" hajawahi kupima.

Ipo lakini lita ambayo wanagenzi haiwaingii akilini. Maji yanayotokota hutanuka kwa takriban asilimia 4, kwa hiyo togwa ambayo ikipoa ni lita 22 husoma karibu 23 ikiwa bado motoni. Mwanagenzi huchungulia alama za sufuria, alizozichora kwa maji ya bomba, akaona lita imezidi. Huacha moto uwake robo saa nyingine. Togwa inazidi uzito, ndoo inapungua, na siku ya kunywa hamira ndiyo inayolaumiwa. Mwingine huanza kuchemsha akiamini anazo 26, kumbe ni 25. Huyo ndiye atakayekimbilia bomba baadaye.

Walaghai wameligeuza kosa hilo kuwa mtaji. Mtu hujigamba kwamba amekamua asilimia 90 ya sukari yote ya kimea. Ukimdadisi, ujazo aliupima togwa ikifuka moshi, uzito akaupima ikiwa imepoa, kisha akazidisha. Punguza kule kutanuka, zinabaki 86 na ushei. Si haba, ila hazivutii umati.

Tofauti na hao, Denny Conn, mpika pombe wa nyumbani wa Oregon, Marekani, alijenga jina kwa kasha la plastiki la kubebea barafu na kipande cha mrija wa wavu wa chuma. Kanuni yake ya kusuza kimea kwa mkupuo ni nyepesi: togwa ya kwanza na ya kusuzia zikaribiane ujazo. Katika mfano wetu ni 13 kwa 13, yaani maji 19 kwanza, kisha 13. Wanaoendelea kusuza hadi haidromita inashuka chini ya 1.010 huambulia ukakasi wa maganda, halafu husema ndiyo ladha ya asili.

Zamani palikuwa na fimbo ya kupimia ujazo sufuriani. Ilichongwa mkato kwa kila kipimo, kwa sufuria ya mwenyewe. Siku hizi ni programu ya simu, yenye kiwango cha mvuke kilichokadiriwa kwa sufuria ya mtu mwingine, jiko la mtu mwingine. Na sufuria yenyewe ikiwa pana kuliko kina chake, hutoa mvuke mwingi zaidi, ila kwa kiwango kinachopimika: ukishakipima kwenye jiko lako, hesabu ya wiki iliyopita hukubali tena.