Sheria Kama Msomaji: Fumbo, Uzushi na Uhuru wa Maandishi ya Mtandaoni Nchini Kenya

Utangulizi

Mwezi Juni mwaka 2025, katika darasa la ushairi, mwanafunzi mmoja alituletea shairi la tarbia la beti saba lililomkejeli kiongozi asiyetajwa jina. Vina vyake vilikuwa sawa, na mizani haikupungua wala kuzidi. Alipomaliza kulisoma aliuliza: "Mwalimu, nikiliweka mtandaoni, nitashtakiwa kwa lipi, matusi au uongo?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Siku hizo habari za Albert Ojwang zilikuwa zingali mbichi: mwalimu kijana aliyekamatwa Homa Bay kwa madai ya kumkashifu afisa mkuu wa polisi katika mtandao wa X, akafa akiwa mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba swali lake ni la mawakili. Nimelifikiria tena jibu hilo na kuona kwamba lilikuwa jibu la kukwepa.

Mjadala kuhusu uhuru wa intaneti nchini mwetu umeachiwa wanasheria, wanahabari na wataalamu wa kompyuta. Wahakiki wa fasihi hawasikiki. Makala haya yanadai kwamba kesi inayohusu maandishi ya mtandaoni ni, katika kiini chake, kesi ya usomaji. Sheria inapotamka kwamba ujumbe fulani ni wa uongo au unachukiza, huwa imekwisha kufanya uhakiki. Tatizo ni kwamba aghalabu huufanya kwa kuyashika maneno kama yalivyo, bila kuuliza yamesemwa kwa mtindo gani na kwa hadhira ipi. Tutachunguza kwanza namna sheria inavyosoma, kisha tutayaangalia mapokeo ya majibizano katika ushairi wa Kiswahili, na hatimaye tutazipima matini mbili za siku hizi.

Sheria inasoma vipi?

Tuanze na kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano. Kifungu hiki kilimtia hatiani mtu aliyetuma ujumbe wenye kuchukiza mno, usio na adabu, wa aibu au wa kutisha, na adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikibatilisha. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba maneno hayo hayakufafanuliwa, hivyo maana yake ingetegemea mtu anayeyapima. Mhakiki anatambua mara moja hoja iliyomo humo. Chukizo si sifa iliyomo ndani ya matini peke yake kama idadi ya mizani. Huzaliwa matini inapokutana na msomaji. Kwa kifungu kile, uhuru wa mwandishi ulikuwa umefungwa katika hisia za msomaji asiyemjua.

Miaka miwili baadaye ilipitishwa sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, iliyotiwa saini Mei 2018. Kifungu chake cha 22, kama kilivyopitishwa, kiliharamisha kuchapisha habari za uongo, za kupotosha au za kubuni, kwa nia kwamba zichukuliwe kuwa za kweli. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kiliongeza kifungo hadi miaka 10 pale ambapo uongo unazua hofu au ghasia, au unaelekea kumharibia mtu sifa. Chama cha wanablogu kilikwenda mahakamani. Mei 29, 2018 vifungu 26 vya sheria hiyo vikasimamishwa kwa muda, na Februari 20, 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria haikukiuka katiba. Rufani zilizofuata si shabaha yetu hapa. Kinachotushughulisha ni neno moja: kubuni. Neno hilo ndilo msingi wa taaluma yetu. Riwaya ni ya kubuni, na nafsineni katika shairi ni ya kubuni. Sheria iliyaweka yaliyobuniwa katika sentensi moja na uongo, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Ni haki kukumbuka kwamba kifungu kiliweka sharti la nia: mwandishi awe amekusudia aaminiwe. Lakini sharti hilo linatufungulia swali kongwe la uhakiki. Nia ya mtunzi inajulikanaje? Hatuwezi kuingia moyoni mwake. Tunaisoma katika ishara zilizomo ndani ya matini: chuku iliyopita kiasi, lakabu, mbinu ya uhuishaji, mkato wa ghafla, na desturi ya utanzu wenyewe. Asiyezijua ishara hizo atakosa kuiona nia hata ikiwa imewekwa wazi mbele yake. Aidha, kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, sambamba na uhuru wa kutoa habari na mawazo. Maadamu Katiba imelinda ubunifu, mahakama haina budi kuwa na njia ya kuutambua.

Mapokeo ya kujibizana

Wapo wanaosema kwamba mabishano ya kisiasa ya mtandaoni ni ugonjwa mgeni ulioletwa na simu. Historia ya fasihi yetu haikubaliani nao. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na watunzi wa Lamu, miongoni mwao Bwana Zahidi Mngumi, katika enzi ya uhasama wa kisiasa baina ya miji hiyo. Mashairi yalivuka bahari yakiwa yamebeba vitisho, dhihaka na habari. Katikati ya miaka ya 1970, katika kinyang'anyiro cha ubunge huko Lamu, wafuasi wa wagombea walipigana kwa mashairi yaliyopata jina la Kimwondo, ambayo Assibi Amidu aliyashughulikia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1990. Mashairi hayo yalienea kwa kanda za kaseti. Kaseti ilikuwa teknolojia mpya kwa wakati wake: iliweza kunakiliwa nyumbani na kusikilizwa barazani, bila kupitia kwa mhariri wala mchapishaji.

Majibizano hayo yalikuwa na kanuni mbili. Kwanza, anayejibu hufuata bahari ya mwenzake. Kabla ya kumshinda hulazimika kumsikiliza kwa makini kiasi cha kuvishika vina vyake. Pili, shutuma huvikwa fumbo. Wahenga wamesema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Aliyekusudiwa hujijua, na hadhira humjua, lakini akitaka kulalamika hadharani hana budi kwanza akiri kwamba maelezo yamemfaa. Kwa hiyo fumbo ni pambo na ngao kwa pamoja.

Mfano wa Abdilatif Abdalla unaonyesha vizuri jinsi dola inavyosoma. Mwaka 1968 aliandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" kwa nathari iliyo wazi, na kwa ajili yake alifungwa tangu 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, mengi yakiwa na jazanda nzito. Diwani hiyo ikatuzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi mwaka 1974. Mwandishi ni yule yule na uchungu wake ni ule ule. Nchi ile ile iliyomfunga kwa maneno ya wazi ndiyo iliyompa tuzo yenye jina la rais wake kwa maneno ya fumbo. Tusiharakishe kuona hapa ushindi wa sanaa pekee. Tunaona pia kwamba uhuru wa mwandishi wetu umekuwa ukitegemea wepesi wake wa kujificha, na huo ni uhuru wenye kasoro. Raia hapaswi kuwa malenga ndipo awe salama.

Zakayo na vivuli

Tuchukue sasa mifano ya karibu. Wakati wa upinzani dhidi ya Mswada wa Fedha wa 2024, vijana walimwita Rais William Ruto kwa lakabu ya Zakayo na kumtaka ashuke. Lakabu hiyo ilienea mtandaoni na kuimbwa barabarani hadi tarehe 25 Juni, siku waandamanaji walipoingia Bungeni. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Msomaji anayeshika maneno kama yalivyo ataona mambo mawili tu: jina lisilo la kweli, na dharau kwa mkuu wa nchi.

Lakini lakabu hii ni dokezo, na dokezo haliwezi kusomwa bila kuirejelea matini lililotoka. Katika Injili ya Luka, sura ya 19, Zakayo ni mkuu wa watoza ushuru, tajiri na mfupi wa kimo, aliyepanda mkuyu ili aone. Anaambiwa ashuke, naye anashuka kwa furaha. Anampokea mgeni nyumbani kwake, kisha anaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hapo ndipo ulipo uzito wa lakabu. Anayemwita mtu Zakayo na kumtaka ashuke hajamwita mwizi na kuishia hapo. Amemwekea mbele kisa ambacho mwisho wake ni toba na fidia. Kama angetaka kulaani tu, Biblia ina majina mengine: Farao, Herode, Yuda. Uchaguzi wa Zakayo una dai la kodi ndani yake na una matumaini. Sidai kwamba kila kijana aliyelipaza jina hilo aliyafikiria yote haya. Nadai kwamba maana hiyo imo katika matini, na kwamba katika nchi ambayo wengi wameisikia hadithi hiyo tangu utotoni, hadhira iliweza kuifikia.

Mfano wa pili ni picha za vivuli zilizosambaa mwishoni mwa 2024. Mchoraji mmoja wa katuni alijulikana kwa kuchora umbo jeusi lisilo na uso wala jina. Yeye na vijana wengine kadhaa walitekwa Desemba mwaka huo, akaachiliwa Januari 2025. Kivuli ni fumbo lililochorwa. Msanii ametoa umbo, na mtazamaji ndiye anayetia uso. Anayekasirika amekwisha kulikamilisha fumbo kwa mkono wake mwenyewe.

Mipaka ya fumbo

Hatutakuwa waaminifu tukiishia hapo, kana kwamba kila kilichoandikwa mtandaoni ni sanaa inayodhulumiwa. Katika kipindi hicho hicho zilisambazwa picha, baadhi zikiwa zimeundwa kwa akili mnemba, zilizowaonyesha viongozi wakiwa ndani ya majeneza. Picha hizo hazina fumbo la kufumbua. Zinamwachia mtazamaji mshtuko tu. Mhakiki ana haki ya kusema kwamba ni kazi duni na kwamba zinaumiza. Hata hivyo, udhaifu wa kisanaa si jinai, wala kuonyesha kifo si sawa na kutishia kuua.

Hali ni tofauti kwa tangazo la kughushi lenye nembo ya ofisi ya serikali, au kwa jumbe fupi za simu zilizoeneza chuki ya kikabila wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Hapa pana kigezo ambacho taaluma yetu inaweza kukitoa. Matini ya kubuni huacha mlango wazi: humwonyesha msomaji wake, kwa ishara moja au nyingine, kwamba imebuniwa. Uzushi huuziba mlango huo kwa makusudi. Huiga sauti ya ofisi, ya gazeti au ya shahidi, ili msomaji asipate nafasi ya kushuku. Tofauti hii haiko katika ukali wa maneno. Shairi kali lenye mlango ni fasihi; tangazo la upole lisilo na mlango ni ulaghai.

Kigezo hiki nacho kina ugumu wake. Fumbo huhitaji hadhira inayoshiriki mila moja. Kaseti ya Lamu ilisikilizwa zaidi na Waamu. Leo maneno hupigwa picha kwenye skrini, yakakatwa kutoka katika muktadha wake na kuwafikia watu wasiomjua msemaji wala mchezo anaoucheza. Mlango uliokuwa wazi kwa hadhira ya kwanza huenda hadhira ya tatu isiuone. Kwa hiyo sharti la haki ni kwamba matini ipimwe kwa hadhira aliyoikusudia mwandishi, wala si kwa yule aliyeletewa kipande chake na mtu wa tatu.

Kuna pia usomaji ulio mbovu kupita wote, nao ni ule wa kukataa kusoma. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo uchaguzi ulipofanyika Oktoba 2025. Mtandao unapozimwa, fumbo na uzushi, shairi na chuki, na hata salamu za mama kwa mwanawe, vyote huhukumiwa pamoja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mgogoro wa uhuru wa maandishi ya mtandaoni ni mgogoro wa usomaji, na kwamba mapokeo yetu ya majibizano yana vipimo vinavyoweza kuusaidia. Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, mahakama zinazomwita daktari kueleza jeraha na mtaalamu wa hati kueleza saini zimwite pia mhakiki aeleze kejeli, hasa ambapo maneno yenyewe ni ya Kiswahili au Sheng na mashtaka yameandikwa kwa Kiingereza. La pili, idara zetu zianze kuyakusanya maandishi haya pamoja na muktadha wake. Mashairi ya Muyaka yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliona yanastahili kuhifadhiwa. Yaliyoandikwa Juni 2024 yanafutika kila siku, mengine kwa hofu ya waandishi wenyewe.

Nikimkuta yule mwanafunzi nitamwambia kwamba sikumjibu. Shairi lake si matusi, wala si uongo, na ninaweza kueleza kwa nini, ubeti kwa ubeti. Siwezi kumwahidi kwamba atakayelisoma kituoni ataujua ufafanuzi huo. Ninaloweza kumwahidi ni kwamba akiitwa mahali popote kwa ajili yake, nitakwenda naye nikalisome.