Ndoo ya Oregon: Kasha la Kwanza Lilivyofichwa, na Kwa Nini Leo Lingekataliwa

Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, kwa uamuzi wa Rais Bill Clinton, Marekani iliacha kuvuruga mawimbi ya GPS yanayopokelewa na raia. Hadi usiku huo, vipimo vilikuwa vikikosewa kwa makusudi: mtu aliyesimama mlangoni kwake angeweza kuambiwa na kifaa chake kuwa yuko mita 100 kando, kwa jirani au katikati ya barabara. Saa sita usiku ilipopita, kosa likashuka hadi mita kumi au ishirini hivi, na mwenye kifaa hakuwa amebadilisha hata betri.

Kesho yake, Mei 3, mshauri wa masuala ya kompyuta aitwaye Dave Ulmer alibeba ndoo nyeusi ya plastiki hadi porini kando ya barabara, karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon. Ndani aliweka programu za kompyuta, kanda za video, vitabu, pesa kidogo, manati, kopo la maharage, pamoja na daftari na penseli. Aliizika sehemu kubwa ya ndoo ardhini, akaandika kodineti zake kwenye kundi la intaneti la wapenzi wa GPS, na akaweka sharti fupi: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Ndani ya siku tatu watu wawili walikuwa wameifikia, wa kwanza akiwa Mike Teague. Hivyo ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokashi, ambao leo una makasha yaliyofichwa karibu kila nchi duniani.

Kazi ya Ulmer inastahili kupimwa kwa jicho la fundi. Alichopatia kimedumu hadi leo, na alichokosea kimekuwa orodha ya makatazo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini jambo hili lisingewezekana wiki moja kabla. Kosa la mita 100 linamaanisha kwamba kasha linaweza kuwa popote ndani ya duara lenye eneo la mita za mraba 31,400, yaani zaidi ya viwanja vinne vya mpira. Kulipekua eneo hilo kwenye vichaka ni kibarua cha siku nzima, tena kwa watu wengi. Kosa likishuka hadi mita 10, eneo linakuwa mita za mraba 314. Umbali umepungua mara kumi, lakini kazi ya kutafuta imepungua mara mia. Mtu mmoja anaweza kuimaliza kabla ya chai kupoa.

La pili alilopatia ni namna ya kuandika. Alitoa kodineti kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu: Kaskazini 45° 17.460, Magharibi 122° 24.800. Mtindo huo ndio unaotumika mpaka sasa, na wageni hupotea hapo hapo. Asiyejua kuwa zile ni dakika, sitini kwa kila nyuzi, akaingiza kwenye simu 45.17460 na 122.24800 kana kwamba ni nyuzi zenye desimali, atapelekwa takribani kilomita 18 mbali na ile ndoo. Kifaa hakitamkosoa, kwa kuwa namba alizoingiza ni mahali halali duniani, ila si mahali alipokusudia.

Desimali ile ya tatu nayo ina uzito wake. Sehemu moja ya elfu ya dakika kwenye latitudo ni kama mita 1.85 popote ulipo. Kwenye longitudo inategemea umbali wako na ikweta: kule Oregon ni mita 1.3, Dar es Salaam ni zaidi ya mita 1.8. Kwa hiyo kuongeza desimali ya nne ni mbwembwe tu. Simu yako yenyewe haina uhakika wa mita tatu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna mtego mwingine ambao Mmarekani yule hakuwa na haja ya kuufikiria. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Tanzania na Uganda, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS hutumia WGS84. Misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takribani mita 300 ardhini. Ukisoma kodineti kwenye ramani ya aina hiyo na kuzitia kwenye kifaa bila kubadilisha mpangilio, utatafuta kasha upande wa pili wa mto.

Na namna ya kuchukua kodineti za kasha unaloficha? Hapa uvivu wa mwenye kasha huwatesa watu wote watakaomfuata. Kipimo kimoja hakitoshi. Kifaa kiache kitulie dakika kadhaa kikiwa wazi kwa mbingu, uchukue kipimo, uondoke hatua kadhaa, urudi kutoka upande mwingine, upime tena, kisha utafute wastani. Ukiweza kurudi siku nyingine saa tofauti, ni bora zaidi, kwa sababu setilaiti zitakuwa zimejipanga vingine angani. Chini ya miti mikubwa au kati ya maghorofa, mawimbi hugonga ukuta au shina kabla ya kukufikia, na kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde yanayochelewa ni sentimita 30 za kosa. Ndiyo maana wachezaji wazoefu, wakifika karibu, huweka simu mfukoni na kuanza kutumia macho: jiwe lililolala vibaya, rundo la vijiti lililopangwa mno, msumari usio na kazi.

Juu ya vifaa vya mtafutaji sitakaa sana. Simu yenye ramani zilizopakuliwa kabla ya safari, betri ya akiba, tochi hata mchana, penseli yako mwenyewe, na kibano kidogo cha kuvutia karatasi iliyokunjwa ndani ya kichupa. Mwambie mtu unakokwenda. Kifaa maalumu cha GPS bado kina faida msituni, kwa betri yake na kwa kustahimili maji, lakini kukinunua kabla hujapata makasha machache kwa simu ni kukimbilia.

Sasa turudi kwenye ndoo, kwa maana kazi halisi ya mchezo huu iko kwenye chombo. Ukiniuliza, setilaiti zilikwisha kufanya sehemu yao Mei 2000. Kinachoamua kasha litaishi au litakufa ni mfuniko.

Ulmer alikosea mambo matatu ambayo leo kanuni za tovuti kuu ya mchezo zinayakataza au wachezaji wanayakwepa. Alizika, leo hairuhusiwi kuchimba bila ruhusa ya mwenye eneo, kwa sababu mtafutaji naye atachimba, na mahali patageuka mashimo. Aliweka chakula, harufu huita wanyama, na mnyama haheshimu daftari. Halafu akatumia ndoo, ambayo mfuniko wake ni mpana na hujipinda, na chombo cha aina hiyo kikikaa nje miezi kadhaa huanza kuingiza maji pembeni.

Chombo kilichoheshimika tangu zamani ni sanduku la chuma la risasi za jeshi, lenye mfuniko wa kubana kwa wenzo na mpira mzima unaozunguka mdomo. Likishafutwa maandishi ya kijeshi na kupakwa rangi, hukaa miaka. Chini yake yako makopo ya plastiki ya jikoni yenye mabawa manne ya kubana, kisha vichupa vya filamu za picha, hadi vile vidogo vyenye sumaku visivyozidi ncha ya kidole.

Tazama kwa karibu jinsi kopo zuri linavyoharibika. Mtafutaji amesaini, amerudisha daftari kwenye mfuko wa plastiki, amefunga kopo kwa haraka kwa sababu kuna watu wanapita. Kona ya mfuko imebaki nje, imebanwa kati ya mpira na mdomo wa kopo. Haionekani kuwa kitu. Lakini pale kwenye mkunjo pamebaki upenyo mwembamba, na mvua ikinyesha maji hunyonywa kuingia ndani tone kwa tone. Yakishaingia hayatoki, kwa kuwa kopo ni zima kila mahali isipokuwa pale. Mwezi ukiisha, daftari limekuwa uji. Chembe ya mchanga kwenye mpira huleta balaa lile lile. Vile vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo watu hupenda kutupia ndani hushiba upesi, kisha hubaki ni takataka tu. Dawa ni kufuta mpira kwa kidole kila unapofunga, na kutumia penseli: wino huyeyuka, risasi ya penseli haijali maji.

Matunzo, basi, ni kazi ya mwenye kasha, na haina mwisho. Taarifa zikija kwamba daftari limejaa au chombo kimepasuka, anatakiwa aende. Akinyamaza, mhakiki wa kujitolea wa tovuti ile hulisimamisha kasha kwa muda, na asipojibu, hulifuta kabisa kwenye orodha. Wapo wanaoona huo ni ukali. Mimi naona hautoshi, kwani kasha lililofutwa kwenye orodha bado liko kichakani, na sasa ni uchafu usio na mwenyewe.

Kuna pia hatari nyingine ya chombo kisichojieleza. Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kikasha kilichofichwa nje ya mkahawa kilidhaniwa ni bomu. Wanajeshi waliitwa, na wakakilipua kwa tahadhari. Lebo ya nje inayosema hiki ni nini, kuonekana wazi kwa yaliyomo, na ruhusa ya mwenye eneo ni mambo madogo yanayoepusha fedheha kubwa. Katika miji yetu, ambako askari na walinzi wa majengo wana sababu zao za kutilia shaka kila kifurushi, ruhusa ndiyo hatua ya kwanza, kabla hata ya kununua kopo.

Pwani yetu ina adui zake pia. Chumvi ya bahari hula bawaba za chuma, joto hulainisha mpira wa mfuniko, na mchwa hawahitaji mwaliko kwenye karatasi. Sanduku la chuma linalodumu Oregon linaweza kuwa kutu tupu Bagamoyo. Kopo la plastiki nene, lililoinuliwa juu ya udongo na kukaguliwa kila baada ya masika, lina nafasi nzuri zaidi.

Kwa hiyo, wewe unayekuja likizo Zanzibar au Mombasa na kutaka kuacha kasha la kumbukumbu, tafuta kwanza mwenyeji aliyekubali kulitembelea ukishaondoka. Bila mtu huyo, wahakiki wana kila sababu ya kulikataa. Na ukiwa kwenye hifadhi ambako hutakiwi kuacha chochote, ipo aina ya kasha lisilo na chombo, iliyoanzishwa mwaka 2004 pamoja na Chama cha Jiolojia cha Marekani: unafika kwenye kodineti, unatazama mwamba au bonde, unajibu maswali ya mwenye kasha. Hilo halina mpira wa kufuta wala daftari la kuloa.