Mkokoteni Usio na Breki

Kila baada ya muda huzuka mtandaoni picha ya kijana aliyejiundia gari au helikopta kwa mabati na injini ya pikipiki. Tunampigia makofi, kisha picha inapotea. Nadhani tunachosifu pale ni kufanana na cha nje. Hatuulizi chombo kinajibu swali gani.

Mimi nataka tukisome chombo ambacho hakuna anayekipiga picha: mkokoteni wa maksai wa hapa Nyamuswa. Ekseli yake imetoka kwenye pikapu iliyokufa, pamoja na ringi, beringi na matairi ya kipara. Juu yake fundi wa kuchomelea ameweka fremu ya chuma na mbao. Mbele kuna mti mrefu unaoishia kwenye nira. Katika vipande vyote vya pikapu, fundi amebakiza vile tu ambavyo vinaweza kutengenezwa kijijini. Huo ni uhariri, na ni uhariri mzuri. Mahindi, pamba, mchanga, madumu ya maji: vyote vinapanda.

Shirika la Nyumbu la Kibaha, lililo chini ya jeshi, limebuni magari tangu miaka ya 1980, likiwemo lori lenye jina hilo. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini sijaona lori la Nyumbu likibeba gunia hata moja hapa. Mkokoteni umefika kwa sababu kila kipande chake kinapatikana sokoni au gereji.

Hata hivyo, ukiulinganisha na chukudu ya Goma, kasoro yake inaonekana. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala kiti, ya kusukuma kwa mguu mmoja huku goti la pili limeegemea ubao. Hubeba mamia ya kilo, na Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Kwa kuwa huteremka milima ikiwa na mzigo, waundaji wameiwekea breki: kipande cha mpira kinachokanyagwa kiminye gurudumu la nyuma.

Mkokoteni wetu hauna breki. Anayeuzuia kwenye mteremko ni maksai, kwa shingo yake. Hauna taa, na mingi haina hata kiakisi nyuma. Uliundwa kwa ajili ya njia ya shambani, enzi ambazo usiku barabarani hapakuwa na basi la kuogopa. Sasa unapita barabara moja na mabasi na malori, na anayeuendesha jioni mara nyingi ni mtoto aliyetoka shule.

Ndiyo maana sifa zetu zina gharama. Fundi atakayeongeza breki ya mguu na viakisi viwili hataonekana mbunifu, kwa kuwa mkokoteni utabaki mkokoteni. Kwangu mimi, huyo ndiye wa kupigiwa makofi.