"Dawa ya Presha" na Dawa ya Kifafa: Istilahi Zisichanganywe

Miongoni mwa maandishi ya afya yanayofasiriwa kwa Kiswahili, yale yahusuyo shinikizo kali la damu kwa wajawazito yanastahili uhakiki wa makini, kwani hapa kosa la istilahi laweza kuleta kifo.

Kosa la kwanza ni kuandika kwamba mgonjwa "ana shinikizo la damu". Kila aliye hai analo. Kinachopasa kutajwa ni kiwango chake: kipimo cha juu kikifika 160, au cha chini 110, hali huwa ya hatari na tiba haingoji kesho.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kuita kila dawa "dawa ya presha". Nifedipini, hidralazini na labetaloli hushusha shinikizo ili mishipa ya ubongo isipasuke. Magnesiamu salfeti haitolewi kwa ajili hiyo. Kazi yake ni kuzuia na kutuliza kifafa cha mimba. Utafiti uitwao Magpie, uliotangazwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Msomaji aliyeambiwa kwamba zote ni "dawa ya presha" atadhani moja yatosha. Tunapendekeza "dawa ya kushusha shinikizo" kwa zile za kwanza, na "dawa ya kuzuia kifafa" kwa hii ya mwisho.

Tena, wako wafasiri waandikao "kurudisha shinikizo katika hali ya kawaida". Sivyo. Likishuka ghafla mno, damu iendayo kwenye kondo la nyuma hupungua na mtoto hudhurika tumboni. Yafaa kuandika "kulishusha kwa kiasi".

Ama "kifafa cha mimba", istilahi hii imekwisha kuzoeleka, wala hatuna nia ya kuipinga. Hata hivyo, neno "mimba" lisimdanganye msomaji: kifafa hicho huweza kumpata mzazi hata baada ya kujifungua. Kila kitabu cha mafunzo hakina budi kulieleza jambo hilo pale istilahi inapotajwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri, kabla ya kuipa dawa jina, waulize kwanza inafanya kazi gani.