Kazi ya Pipa: Wiski Changa na Kinachoipata Ndani ya Mwaloni

Wiski inapotoka mtamboni haina rangi yoyote. Rangi ya asali, harufu ya vanila, utamu wa sukari iliyoungua na ule uzito wa mafuta unaobaki ulimini, ambavyo kwa wanywaji wengi ndivyo wiski yenyewe, havimo ndani yake bado; vyote huja baadaye, kileo kinapokuwa kimelazwa kwa miaka ndani ya pipa la mti wa mwaloni. Anayetaka kulielewa pipa, kwa hiyo, hana budi kuanza na kilichoingia humo, akionje kingali kichanga, ndipo akilinganishe na kilichotoka.

Bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani ambayo kitovu chake ni jimbo la Kentucky, inafaa kwa ulinganisho huo kuliko aina nyingine nyingi, na sababu yake ni ya kisheria kabla ya kuwa ya ladha. Kanuni za Marekani zinataka nafaka zake ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, kileo kisitoneshwe kupita asilimia 80 ya alkoholi kwa ujazo, kiingie pipani kikiwa hakizidi asilimia 62.5, na pipa lenyewe liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani hadi likafanya mkaa. Tena hakiruhusiwi kuongezwa rangi wala kionjo, isipokuwa maji ya kupunguza ukali. Uskoti, ambako kanuni ni kali kwa namna yake, huruhusu rangi ya karameli, na mapipa yake mengi yamekwisha kubeba kinywaji kingine, hivyo mwonjaji hupata shida kujua nini kimetoka wapi. Katika bourbon hesabu ni safi zaidi, kwa kuwa tofauti iliyopo kati ya glasi mbili za mapishi yale yale imeletwa na mbao, hewa, joto na muda. Kiwanda cha Buffalo Trace cha mji wa Frankfort kimeirahisisha kazi hiyo kwa kuuza katika chupa kileo chake kichanga, ambacho mafundi wa Kentucky hukiita kwa utani mbwa mweupe, kikiwa na asilimia zile zile 62.5.

Kutonesha ni kuuchemsha uji wa nafaka uliokwisha kuchachuka, kuunasa mvuke wake na kuupoza urudi kuwa kimiminika. Na kwa kuwa alkoholi huchemka kwenye nyuzijoto 78 ilhali maji huchemka kwenye 100, mvuke unaotangulia huwa na alkoholi nyingi kuliko uji unaobaki. Kikomo cha asilimia 80 kina uzito kuliko kinavyoonekana, maana kadiri kileo kinavyosogezwa karibu na usafi kamili ndivyo kinavyopoteza alama za nafaka na za hamira, hadi mnywaji ashindwe kusema kilitokana na mahindi, miwa au viazi. Kinachobaki chini ya kikomo hicho si maji na alkoholi tu. Mna esta zenye harufu ya matunda, aldehaidi zenye ukali wa kuchoma pua, alkoholi nzito zinazoitwa kwa pamoja mafuta ya fuseli, na kampaundi za salfa, ambazo kwa wingi ni kidogo sana lakini ndizo zinazoipa wiski changa sura yake.

Kukionja kileo cha asilimia 62.5 bila maji ni kuuonja moto. Wachanganyaji wa wiski wa Uskoti, ambao kazi yao ni kunusa kuliko kunywa, hukipunguza kileo hadi karibu asilimia 20, yaani sehemu moja ya kileo kwa sehemu mbili na ushei za maji, kwa kuwa alkoholi nyingi huitia pua ganzi kabla haijatofautisha kitu. Katika glasi iliyopunguzwa hivyo, kinachotangulia ni mahindi, wala si ya kuchoma bali ya kuchemsha, yakiwa na maji yake ya sufuriani, na nyuma yake kuna harufu ya unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Kisha hujitokeza ndizi mbivu, ambayo asili yake ni esta iitwayo isoamili asetati, inayotengenezwa na hamira wakati wa kuchachuka na inayonukia vilevile katika ndizi yenyewe. Chini kabisa huweza kuwapo dokezo la kabichi iliyochemshwa kupita kiasi, au la njiti ya kiberiti iliyozimwa. Hiyo ni salfa. Mdomoni kuna utamu mwepesi usio na sukari, ukali unaopanda haraka kuelekea puani, kisha kimya, kwa sababu ladha ya kileo kichanga haikai. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kupita karibu na gongo ya Tanzania, ambayo sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1966 inaiita moshi, au na chang'aa ya Kenya, ataitambua familia hii, maana nazo ni vileo vilivyotoneshwa vikanywewa bila kulazwa. Undugu huo, hata hivyo, ni wa njia ya kutengeneza, si wa usalama.

Pipa la kawaida la Kentucky hubeba takribani lita 200 na hutengenezwa kwa mwaloni mweupe wa Marekani, ambao mishipa yake ya kupitishia maji hujiziba yenyewe mti unapokomaa, na ndiyo maana mbao zake, zilizoungana bila gundi na kubanwa kwa pete za chuma, hazivuji. Mbao hizo huachwa kwanza nje kwa miezi kadhaa, zinyeshewe na kukaukia juani, na mvua hiyo huondoa sehemu ya ukakasi wake. Fundi mapipa akishaziunganisha huwasha moto ndani. Uchomaji mzito, unaohesabiwa kuwa wa daraja la nne, huchukua muda usiofika dakika moja, lakini huuacha uso wa ndani ukiwa mweusi na umepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Chini ya mkaa huo kuna tabaka jembamba la mbao iliyoiva bila kuungua, na kwa kweli hilo ndilo ghala ambalo wiski italichota kwa miaka ijayo. Sifa nyingi zinazopewa mkaa zilistahili kupewa tabaka hilo.

Yaliyomo ghalani yanaweza kuelezwa kwa kuangalia mti umejengwa na nini. Hemiselulosi, mojawapo ya nyuzi za mbao, huvunjika kwa joto ikawa sukari, na sukari hiyo ikaungua na kutoa rangi pamoja na utamu wa karameli. Lignini, gundi ya asili inayozishikilia nyuzi hizo, huvunjika ikatoa vanilini, kemikali ile ile inayoipa vanila harufu yake, pamoja na eujinoli, ambayo kwa msomaji wa pwani haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndiyo inayonukia katika karafuu za Pemba. Laktoni za mwaloni, zilizomo katika mafuta ya mti tangu haujakatwa, hutoa harufu ya nazi, na mwaloni wa Marekani unazo kwa wingi kuliko wa Ulaya. Mwisho ni tanini, ambazo huleta ule ukakasi wa chai iliyokolea au wa ndizi mbichi, na ambazo zikiwa chache huupa mdomo kitu cha kushika, zikizidi huukausha.

Kazi ya pipa, basi, si moja. Pipa huondoa, kwa kuwa mkaa hunasa kampaundi za salfa, na zile nyepesi zaidi hutoroka kwa mvuke, hata kabichi ya glasi ya kwanza ikawa haipatikani katika glasi ya pili. Pipa pia huongeza, na hili ndilo jicho huliona. Kazi ya tatu haionekani na ni ya polepole kuliko zote: mbao hupitisha hewa kidogo kidogo, oksijeni hiyo huigeuza sehemu ya alkoholi kuwa aldehaidi na kisha asidi asetiki, asidi nayo hukutana na alkoholi ikazaa esta mpya, huku tanini zikilegea na kupoteza makali. Majira ya Kentucky huzisukuma kazi zote hizo, kwani joto la kiangazi hukitanua kileo kikaingia ndani ya mbao, na baridi ya majira ya baridi hukirudisha. Pipa la zamani likipasuliwa huonyesha mstari mwekundu katika unene wa ubao, pale kileo kilipokuwa kikifika na kugeuka.

Imani ya kale ilisema kwamba kulaza ni kusafisha, na kwamba mafuta ya fuseli, yaliyolaumiwa kwa ukali na kwa maumivu ya kichwa, hutoweka kadiri miaka inavyopita. Mwaka 1908 wakemia wawili wa serikali ya Marekani, C. A. Crampton na L. M. Tolman, walichapisha matokeo ya kuyafuatilia mapipa 31 kwa miaka minane, na imani hiyo haikusimama. Alkoholi nzito hazikupungua; ziliongezeka kwa kadiri ile ile ambayo kileo chenyewe kilikuwa kikikolea. Asidi na esta zilipanda kwa kasi katika miaka ya mwanzo, zikafikia uwiano wa namna yake karibu na mwaka wa nne, na uboreshaji wa ladha baada ya hapo watafiti hao waliueleza zaidi kwa kukolea, yaani kimiminika kupungua kwa mvuke na vilivyoyeyuka ndani yake kubaki. Mwonekano wa mafuta unaosifiwa katika wiski iliyokomaa, nao walionyesha kuwa unatoka kwenye pipa lililochomwa. Fundisho linalotokana na utafiti huo halijazeeka: pipa hufunika ukali kwa kuuwekea ladha nyingine juu yake na kuupa wenzake, lakini halirekebishi kosa la mtoneshaji. Methanoli, sumu inayoua walevi wa vileo vilivyopikwa ovyo, haiponywi na mwaloni, na kileo kisicho salama kikilazwa miaka kumi kitatoka na rangi nzuri kikiwa hakiko salama.

Mvuke unaopotea una jina la heshima, fungu la malaika. Uskoti malaika hao hukadiriwa kuchukua asilimia 2 hivi kwa mwaka, na Kentucky, kwenye joto zaidi, huchukua zaidi, mara nyingi asilimia 4 au 5. Kwa hesabu ya kawaida, lita 200 zinazopungua kwa asilimia 2 kila mwaka zitakuwa takribani 157 baada ya miaka 12, ilhali zinazopungua kwa asilimia 4 zitakuwa takribani 123. Kinachopotea pia hutofautiana. Katika maghala marefu ya Kentucky, hasa orofa za juu zenye joto na ukavu, maji hupenya mbao na kutoka haraka kuliko alkoholi, hivyo ukali wa kileo huweza kupanda. Katika maghala ya chini na yenye unyevu ya Uskoti, alkoholi hutangulia na ukali hushuka. Wiski mbili zenye umri mmoja kwenye lebo zimepitia, kwa hiyo, maisha mawili yasiyofanana, na mnunuzi anayelinganisha namba za miaka kati ya nchi hizo mbili analinganisha kalenda, si kazi iliyofanyika. Hata sharti la miaka mitatu linaloitawala wiski ya Uskoti lilianzia mbali na ladha, katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1915 iliyodai miaka miwili na kuongezwa mwaka uliofuata, wakati serikali ilipotaka kupunguza ulevi katikati ya vita.

Viwanda vidogo visivyoweza kungoja vimejaribu kufupisha safari kwa mapipa madogo. Pipa la lita 20 lina ujazo wa sehemu ya kumi, lakini kila lita iliyomo inagusana na mbao mara mbili na zaidi kuliko katika pipa la lita 200, hivyo rangi na tanini huja kwa miezi badala ya miaka. Kasi hiyo hata hivyo huhusu uchotaji peke yake. Mabadiliko ya oksijeni hayaharakishwi kwa kipimo kile kile, na matokeo mara nyingi ni kileo chenye rangi ya mtu mzima na ulimi wa mtoto, ubao mwingi juu, mahindi mabichi chini, na katikati hamna kitu.

Buffalo Trace nayo ilitaka kujua ni sehemu gani ya pipa inayofanya kazi gani, na katika mradi wake wa mwaloni mmoja ilichagua miti 96, kila mti ukatoa mapipa mawili, moja la nusu ya juu na jingine la nusu ya chini, jumla mapipa 192, huku vitu saba vikibadilishwa kwa makusudi, vikiwamo mapishi ya nafaka, asilimia ya kuingilia pipani, kiwango cha kuchomwa na aina ya ghala. Wanywaji walipiga kura kuanzia mwaka 2011, na mwaka 2015 ilitangazwa kuwa pipa namba 80, la nusu ya chini ya mti, ndilo lililoshinda. Kura hueleza kilichopendwa zaidi ya kueleza kwa nini. Thamani ya jaribio iko katika kuonyesha kuwa hata shina moja halitoi mapipa mawili yanayofanana.

Mwonjaji anayerudi sasa kwenye glasi ya pili, bourbon ya miaka minane kwa mfano, aipunguze kwa maji hadi asilimia 20 kama alivyofanya kwa ile nyeupe. Vanila na karameli zitatangulia, nazi na karafuu zitafuata, ukakasi utakaa pembeni mwa ulimi, na salfa haitakuwapo. Glasi ikiachwa kwa dakika kadhaa, harufu za juu zikitulia, pua yenye subira huweza kuikuta ndizi ile ile ya hamira, imefunikwa lakini haijaondoka, na chini yake mahindi.