Chaguomsingi: chaguo la nani?

Juma lililopita nilikuwa katika saiba moja mjini Kakamega, upande wa kuelekea Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa amekata tamaa. Kila alipobofya faili ya wasifu wake, ilifunguka kwa WordPad, majedwali yote yakiwa yamevurugika. "Mwalimu, hii mashine imemaliza sivii yangu," akaniambia. Maombi ya kazi yalikuwa yanafungwa saa kumi na moja jioni, naye alikuwa ameshaanza kuichapa upya kutoka mwanzo!

Faili ilikuwa nzima. Kompyuta ndiyo iliyokuwa imepangiwa kufungua faili za aina hiyo kwa WordPad, ambayo haimudu mengi yanayoandikwa kwa Word. Mhudumu alipaza sauti kutoka mbali: "Badilisha difolti!" Kijana hakuelewa. Nikamwonyesha simu yake mwenyewe, aliyoiweka Kiswahili, penye ukurasa wa 'Programu chaguomsingi'. Akacheka. "Chaguo la nani? Mimi sijachagua kitu."

Swali hilo halijanitoka.

Kimuundo, sina ugomvi na neno hili. Kiswahili huambatanisha nomino mbili bila taabu; tunazo batamaji na askarikanzu. Kasoro iko katika maana. Chaguo ni kile ulichokiteua, ilhali hapa tunazungumzia kinachotokea pale ambapo hukuteua chochote. Kiingereza chenyewe kilitoa neno lake katika Kifaransa cha kale, likimaanisha ukosefu. Mfasiri ametupa kinyume chake, kisha akabandika 'msingi', kana kwamba WordPad ni nguzo ya nyumba.

Ukiingia hoteli yoyote hapa Kakamega ukasema "chai" tu, utaletewa ya maziwa. Anayetaka ya rangi lazima aseme strungi. Hakuna aliyekuchagulia maziwa. Ndiyo kawaida ya mahali. Basi kwa nini tusiseme programu ya kawaida au, kwa wanaopenda istilahi fupi, programu ya kaida? Maneno haya mawili ni ndugu: yametokana na Kiarabu, kawaida likiwa ni wingi wa kaida, na huko asili yake ni msingi au tako la kitu. Kwa hiyo hata huo msingi aliouhangaikia mfasiri tayari umo ndani, bila kumsingizia mtumiaji chaguo asilolifanya.

Nitaambiwa neno limeshaenea. Wapi? Kwenye skrini, naam. Vinywani mwa watu bado sijalisikia, na mhudumu wa saiba hakulitumia hata faili ya mteja ilipokuwa hatarini.

Tulibofya kitufe cha kulia cha kipanya, tukachagua Word, tukaiagiza kompyuta ifanye hivyo kila mara. Majedwali yakarudi mahali pake. Saa kumi na dakika arobaini wasifu ukatumwa.