Uvumi, Uzushi na Istilahi ya "Taarifa Potoshi"

Katika miaka hii ya mitandao ya kijamii zimeingia katika Kiswahili istilahi mbili zinazokwenda pamoja kama pacha: taarifa potofu na taarifa potoshi. Ya kwanza yakusudiwa kwa habari isiyo kweli ambayo mwenye kuipeleka hana nia mbaya. Ya pili kwa habari isiyo kweli iliyotungwa makusudi ili kudanganya. Tumezikuta katika semina za waandishi wa habari na katika tafsiri za nyaraka za mashirika ya kimataifa. Yafaa kuzipima mapema, kwa kuwa hazitabaki katika semina.

Kwanza tuwape haki yao waliozibuni. Kwa upande wa sarufi hazina kosa. Kutokana na -potoka twapata -potofu, kama tupatavyo -ongofu kutokana na -ongoka. Na kutokana na -potosha twapata potoshi. Hakuna kilichokopwa wala kutoholewa. Walakini istilahi haipimwi kwa sarufi peke yake. Sikioni maneno haya yatofautiana kwa silabi moja tu, na msikilizaji wa redio aweza kuyachanganya kwa wepesi. Hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni la maana. Kitenzi -potosha chaeleza linalompata msikilizaji. Hakielezi nia ya msemaji. Mtu aliyekosea njia naye humpotosha anayemfuata, tena bila ya hila yoyote. Kwa hiyo taarifa "potofu" ikishasadikiwa na mtu mmoja huwa imekwisha kuwa "potoshi", na mpaka uliokusudiwa haupo tena.

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba mpaka huo Kiswahili kilikuwa nao zamani, tena kwa daraja nyingi kuliko mbili. Kuna fununu, ambayo ni dalili tu ya jambo, na mara nyingine huthibitika. Kuna tetesi, maneno ya pembeni ambayo kila mtu ajua hayajahakikishwa. Wapenzi wa mpira husoma "tetesi za usajili" kila msimu, na mchezaji asipohama hakuna anayesema amedanganywa. Kuna uvumi, unaotokana na -vuma, kama uvumavyo upepo au ngoma ya mbali: sauti yasikika, mpigaji haonekani. Na kuna uzushi, kutokana na -zua, ambao hauwezi kuwapo bila ya mzushi. Hapa ndipo lugha ilipoweka alama yake. Uvumi hauna mwanzo unaojulikana, uzushi una mtu aliyeuanzisha. Aliyeanzisha ni mzushi, na aliyechukua ya mwenziwe akayapeleka mbele ni mvumishi. Mambo ambayo istilahi mpya hujaribu kuyatenga kwa kubadili silabi moja, lugha ilikuwa imekwisha kuyatenga kwa kuwatenga watendaji.

Zamani daraja hizo zilikuwa pia na mahali pake. Uvumi ulikaa barazani na sokoni. Taarifa ya habari ilitoka Redio Tanzania Dar es Salaam saa mbili usiku, na mtu aliyesikia jambo mchana alingojea saa hiyo ili ajue kama ni kweli. Hatusemi kwamba redio ilisema kila kitu. Twasema kwamba njia zilikuwa mbili. Blogu zilipoanza mpaka ulilegea. Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alipofungua blogu yake mwaka 2005, wasomaji wake waliitwa wadau, neno ambalo hadi hapo lilikuwa la vikao vya miradi. Nao wakastahili jina hilo, maana walileta picha na habari wao wenyewe. Leo hatua moja zaidi imepigwa. Simu ile ile iletayo taarifa ya wizara ndiyo iletayo uvumi, kwa herufi zile zile, na mdau amekuwa msambazaji.

Hapa hatuna budi kujitaja. Wakati fulani tulipokea katika kundi la wanafunzi wa zamani ujumbe kwamba mwalimu wetu mmoja, mzee aliyekwisha kustaafu, amefariki. Tuliusoma, tukasikitika, tukaupeleka katika makundi mengine mawili pamoja na maneno ya rambirambi. Usiku mwalimu alitupigia simu mwenyewe, akatuuliza mazishi ni lini ili naye ahudhurie. Tulimwomba radhi, akacheka. Mkewe hakucheka, kwa sababu ndugu wa kijijini walikuwa wamekwisha kupanda basi. Je, sisi tulikuwa nani katika jambo lile? Wazushi hatukuwa. Wavumishi tulikuwa, na neno hilo twalikubali.

Swali hilo si la kuchekesha mbele ya hakimu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kama kilivyopitishwa nchini Tanzania, kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu hicho chadai mambo mawili: mtu ajue kwamba habari ni ya uongo, na awe na nia mbaya kama zile zilizotajwa humo. Lakini magazeti husema kwa kifupi kwamba fulani ameshtakiwa kwa "kusambaza taarifa za uongo", na katika kitenzi hicho -sambaza, ujuzi na nia vyote viwili hupotea. Mzushi na mvumishi wakaa kizimbani pamoja. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama za Tanzania. Istilahi tutakayoikubali leo ndiyo atakayosomewa mshtakiwa kesho.

Twapendekeza basi kwamba uzushi utumike kwa kilichotungwa, na uvumi kwa kilichopokewa na kupelekwa. Habari ghushi, inayosikika sana Kenya, ihifadhiwe kwa kazi yake halisi, yaani karatasi iliyobandikwa nembo ya wizara au ya gazeti ambalo halikuiandika. Maana hughushiwa kile ambacho asili yake ipo, kama noti na hati. Twajua pingamizi moja lenye uzito: katika maandishi ya dini ya Kiislamu uzushi una maana yake maalumu, ya jambo lililoongezwa katika dini, na wapo watakaoona vibaya neno hilo likipelekwa mahakamani. Juu ya hilo twangependa kusikia kwa masheikh kabla ya kikao cha istilahi, si baada yake.